Vumbi la Mkonge na Macho ya Wafanyakazi wa Tanga

Historia ya mkonge nchini Tanzania huanzia mwaka 1893, pale Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, alipoagiza miche 1,000 kutoka Florida. Ni 62 tu iliyofika Tanga ikiwa hai, lakini kutokana na hiyo yalichipuka mashamba yaliyoipa Tanganyika nafasi ya kwanza duniani katika zao hilo, na mwaka 1964 uzalishaji ulifikia takriban tani 230,000. Historia hiyo imeandikwa zaidi kwa hesabu za tani na fedha, na kwa kiasi fulani kwa habari za manamba, yaani vibarua walioandikishwa mikoa ya mbali na kutambuliwa kwa namba. Macho ya watu hao hayajaandikiwa inavyostahili.

Katika korona, mashine iliyoponda na kukwangua majani mabichi huku maji yakimiminwa, hapakuwa na vumbi, ingawa utomvu wake uliwasha ngozi na kuchoma macho. Vumbi lilianzia chumba cha brashi, ambako singa zilizokwisha kuanikwa juani zilishikwa fungu kwa fungu na kuingizwa katika ngoma iliyozunguka kwa kasi, upande mmoja kisha wa pili, zipate kunyooka na kung'aa kabla ya kufungwa marobota. Kilichopukutika mbele ya uso wa mfanyakazi kilikuwa mabaki makavu ya jani, vipande vya singa, na fuwele za kalsiamu oksaleti, chumvi ambayo mmea huo huiunda ndani ya majani yake, mara nyingi kwa umbo lililochongoka.

Machozi na kope huweza kuondoa vumbi la kupita, lakini si la kutwa nzima. Utando mwororo unaofunika weupe wa jicho huwa mwekundu na kuwasha, na mtu anapolifikicha jicho, chembe hukwaruza konea, yaani utando angavu ulio mbele ya mboni. Mkwaruzo mdogo kwa kawaida hupona baada ya siku chache. Hata hivyo, unaotokana na kitu cha mmea unaweza kupenyeza kuvu, mojawapo ya visababishi vikuu vya vidonda vya konea katika nchi za joto, na kidonda hicho kikipona huacha kovu jeupe linalozuia nuru.

Elimu ya magonjwa ya kazini ililitazama vumbi kwa jicho la kifua. Mkataba wa kimataifa wa mwaka 1934 kuhusu fidia uliingiza silikosisi, ugonjwa wa mapafu utokanao na vumbi la mawe, bila kutaja madhara ya vumbi machoni. Na watafiti waliowachunguza wafanyakazi wa mkonge wa Tanzania katika miaka ya 1970 waliuliza habari za kikohozi na kupima pumzi. Kazi hiyo ilikuwa ya lazima, kwa kuwa mapafu yaliyoharibika huua, lakini mtu aliyepoteza uoni naye alinyang'anywa riziki yake. Wanahistoria wa Tanga na Morogoro hawana budi kuwatafuta wazee waliofanya kazi kwenye brashi na kuandika ushuhuda wao wangali hai.