Anoreksia: Vipimo vyote safi, mgonjwa azidi kukonda

MTU anayekonda bila sababu inayoonekana katika mji wa Nyakanazi, mkoani Kagera, hufikiriwa kwanza kuwa na Virusi vya Ukimwi, kisha kifua kikuu, kisha kisukari au minyoo. Utaratibu huo ni sahihi kitabibu na una historia yake.

Nyakanazi ni njia panda ya malori, ambako barabara itokayo Kahama hukutana na ile ya Kakonko, Kibondo na Kigoma, na nyingine huendelea hadi Lusahunga kuelekea Rusumo na Biharamulo. Kagera ndiko walikogunduliwa wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini, mwaka 1983. Ng'ambo ya mpaka, nchini Uganda, maradhi hayo yalipewa jina lenye maana ya wembamba. Tangu wakati huo mwili uliokonda ghafla umekuwa ukisomwa kama barua ya wazi.

Lakini vipimo vyote vikirudi safi, chakula kipo nyumbani, na binti bado anaisukuma sahani pembeni? Miongoni mwa majibu yanayowezekana ni anoreksia, maradhi ya kujinyima chakula ambayo wengi huyahesabu kuwa ya Ulaya na Marekani.

Jina linalopotosha

Kwa daktari, neno anoreksia peke yake lina maana ya kukosa hamu ya kula, dalili inayoandamana na malaria, kifua kikuu na homa nyingi nyinginezo. Anoreksia nevosa ni jambo jingine. Mgonjwa wake mara nyingi anaona njaa, tena njaa kali, ila ameazimia kuishinda. Maradhi haya yalielezwa mwaka 1873 na madaktari wawili, kila mmoja kwa upande wake: William Gull wa London na Charles Lasègue wa Paris.

Mwongozo wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani, ulioanza kutumika Januari 2022, unayatambua kwa uzito mdogo mno usiotokana na ugonjwa mwingine wala uhaba wa chakula, pamoja na mwenendo wa kudumu wa kuuzuia uzito usirudi. Hedhi inaweza kukoma, moyo ukapiga polepole, mgonjwa akahisi baridi hata mchana wa jua, na mifupa ikadhoofika. Uchambuzi wa tafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kuwa wagonjwa hao hufariki kwa kiwango kinachokaribia mara sita ya wenzao wa rika moja, na kwamba katika kila vifo vitano, kimoja ni cha kujiua. Kwa hiyo si madeko ya wasichana wa mjini, kama wengine wanavyodhani. Wavulana nao huugua, ingawa kwa idadi ndogo.

Je, upo kwetu?

Kwa miaka mingi jibu lilikuwa hapana. Mwaka 2004 daktari bingwa wa magonjwa ya akili wa Nairobi, Frank Njenga, na mwenzake walichapisha uchunguzi uliohitimisha kuwa maradhi haya ni adimu sana nchini Kenya. Mwaka 2016 watafiti waliopitia tafiti za Afrika hawakukuta kisa hata kimoja cha anoreksia katika zile chache zilizokuwa na ubora wa kutosha, ingawa walikuta matatizo mengine ya ulaji.

Kwa upande wa Tanzania, utafiti uliochapishwa mwaka 2007 uliwahoji wanawake na wasichana 214. Ulikuta kuwa dalili za ulaji wenye kasoro zipo, na kwamba ziliandamana na kuwa karibu zaidi na vyombo vya habari vya Magharibi.

Hata hivyo, ipo kasoro katika namna swali lenyewe lilivyokuwa likiulizwa. Hojaji nyingi zilitungwa Ulaya na Amerika Kaskazini, na kiini chake ni hofu ya kunenepa. Sasa mwulize hivyo msichana aliyelelewa mahali ambapo kumwambia mtu amenawiri ni kumsifu, na kumwambia amekonda ni kumpa pole. Atajibu kuwa haogopi kunenepa, na pengine atakuwa anasema kweli. Mtafiti ataandika sifuri, naye msichana ataendelea kupungua.

Hong Kong ndiko kasoro hiyo ilikoonekana mapema. Mwaka 1993 Sing Lee na wenzake walieleza habari za wagonjwa 70 wa Kichina, na zaidi ya nusu yao hawakuwa na hofu hiyo hata kidogo. Walisema tumbo limejaa, au kwamba chakula hakipiti.

Utafiti unaotuhusu zaidi ulifanyika Ghana na kuchapishwa mwaka 2004. Wasichana 668 wa sekondari walipimwa, 29 wakakutwa na wembamba uliopita kiasi, na kati yao 10 walikuwa wakijinyima chakula kwa makusudi. Hawakuzungumzia urembo wala umbo. Walizungumzia dini, kujitawala na fahari ya kuishinda njaa.

Habari hiyo si ngeni katika historia ya dini. Mtakatifu Katarina wa Siena, aliyefariki mwaka 1380 akiwa na umri wa miaka 33, alikuwa karibu hali kabisa mwishoni mwa maisha yake, na wanahistoria wangali wanabishana kama ule ulikuwa utakatifu, ugonjwa, au vyote viwili. Hakuna anayesema kwamba kufunga ni ugonjwa. Ramadhani ina Idi yake, na Kwaresima ina Pasaka yake. Wa kutiliwa shaka ni yule ambaye sikukuu imefika, wenzake wamekaa mezani, naye amepata sababu nyingine ya kutokula.

Chama cha madaktari wa magonjwa ya akili cha Marekani kilirekebisha mwongozo wake mwaka 2013. Sasa mgonjwa si lazima atamke kuwa anaogopa unene, bali mwenendo wa kudumu wa kuuzuia uzito usiongezeke unatosha. Kukoma kwa hedhi nako kuliondolewa katika masharti. Tafiti nyingi zilizoihesabia Afrika sifuri zilitumia vigezo vya kabla ya hapo.

Wataalamu wa chembe za urithi nao wana pengo lao. Utafiti mkubwa wa mwaka 2019 ulichunguza wagonjwa 16,992 na kubaini maeneo manane ya urithi yanayohusiana na maradhi haya, mengine yakigusa namna mwili unavyotumia chakula. Wote waliochunguzwa walikuwa wenye asili ya Ulaya.

Njaa inavyobadili akili

Kati ya mwaka 1944 na 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota nchini Marekani, Ancel Keys aliwapunguzia chakula vijana 36 wa kiume waliojitolea, wenye afya njema, kwa muda wa miezi sita. Wakawa wanaota chakula na kukusanya vitabu vya mapishi, mlo mdogo wakiula kwa muda mrefu, huku wakikasirika upesi na kujitenga na wenzao. Hakuna aliyekuwa mgonjwa wa akili walipoanza. Ndiyo maana waganga wa anoreksia hawasubiri mgonjwa abadilike mawazo ndipo ale. Ubongo wenye njaa haufikii hitimisho hilo kirahisi, na nasaha ndefu kwa mtu aliyebaki mifupa ni maneno matupu.

Lakini kulisha nako kuna hatari, na hapo Kagera ina la kukumbuka. Aprili 1994, katika muda wa takriban saa 24, watu wanaokadiriwa kufikia 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda na kuingia Ngara. Katika kambi kama Benaco wahudumu wa afya walilazimika kuwalisha watoto wenye utapiamlo, kazi isiyohitaji haraka. Mwili uliozoea njaa ukipewa chakula kingi ghafla, hasa cha wanga, huyavuta madini ya fosifeti, potasiamu na magnesiamu kutoka kwenye damu na kuyaingiza ndani ya seli. Kiwango katika damu kinaposhuka, moyo unaweza kusimama. Baadhi ya wafungwa wa vita waliokombolewa mwaka 1945 walikufa baada ya kushibishwa.

Kwa watoto wenye utapiamlo mkali hutumika maziwa ya tiba ya F-75 kwanza, yenye nguvu ndogo, na mwili ukishatulia hufuata F-100. Kwa vijana wenye anoreksia, jaribio la Marekani lililochapishwa mwaka 2021 na kuhusisha wagonjwa 120 lilionyesha kuwa wanaweza kuanza na chakula kingi zaidi kuliko ilivyodhaniwa na kutengemaa siku tatu mapema. Ila walikuwa wamelazwa, na damu yao ilikuwa ikipimwa kila mara. Bila maabara ya namna hiyo, tahadhari ya zamani ingali na maana.

Tiba iliyothibitika

Kwa vijana wadogo, tiba yenye ushahidi mzuri zaidi ni ile inayowakabidhi wazazi usimamizi wa mlo. Ilianzia katika hospitali ya Maudsley jijini London, na matokeo yake ya kwanza yalitolewa mwaka 1987. Jaribio la mwaka 2010 kwa vijana 121 lilionyesha kuwa mwaka mmoja baada ya tiba, asilimia 49 ya waliotibiwa pamoja na familia walikuwa wamepona, dhidi ya asilimia 23 ya waliotibiwa peke yao. Mzazi halaumiwi, wala mtoto haulizwi kama anataka kula. Sahani inawekwa, na mtu mzima anakaa hapo hadi iishe. Kwa jamii ambazo bibi na shangazi wana sauti mezani, tiba hii si kitu cha ajabu.

Kwa watu wazima mambo ni magumu. Utafiti wa Ujerumani wa mwaka 2014, wenye wanawake 242, ulilinganisha tiba tatu za mazungumzo na hakuna iliyozishinda nyingine kwa wazi. Dawa nazo hazijasaidia sana. Fluoksetini haikuzuia ugonjwa kurudi katika jaribio la mwaka 2006, na olanzapini iliongeza uzito kidogo tu mwaka 2019 bila kuyagusa mawazo ya mgonjwa.

Kwa familia ya Nyakanazi, safari huanzia kituo cha afya na hospitali ya wilaya, na ikibidi rufaa hufika Bugando jijini Mwanza, ambako wapo madaktari wa mwili na wa akili. Anayezimia, anayeshindwa kusimama bila kushikwa, ambaye moyo wake unakwenda polepole mno, au anayesema hataki kuishi, asisubiri kliniki ya wiki ijayo. Kwa wengine, ndugu aende na tarehe ya hedhi ya mwisho, uzito wa zamani kama upo kwenye kadi, na maelezo ya kile mgonjwa alichokula jana, kwani akiulizwa mwenyewe aghalabu atasema ameshiba.