Hesabu ya Ng'ombe na Hesabu ya Ardhi Katika Machakos

Katika mwaka wa 1938 serikali ya kikoloni ya Kenya, ikiwa imekwisha kuzipima nyanda za Ukambani na kukadiria idadi ya ng'ombe ambao malisho yake yangeweza kuwahimili pasipo udongo kuchukuliwa na mvua, iliamuru mifugo ya Machakos ipunguzwe kwa lazima, na wanyama waliotwaliwa wakauzwa kwa bei duni, huku kiwanda kipya cha nyama cha Athi River kikiwangojea. Makorongo yalikuwako kweli, wala hapana aliyeyakana. Walakini hesabu ya ng'ombe kwa eka haikueleza ni kwa sababu gani eka zenyewe zilikuwa chache, ilhali vilima vya Mua vilikaliwa na walowezi, na malisho ya Yatta yaliwekewa vizuizi. Na kadirio lisilotaja sababu, hata likiwa sahihi, humpa hakimu hukumu kabla ya kesi kusikilizwa.

Mwezi wa Julai Wakamba, waume kwa wake na watoto wao, walikwenda Nairobi wakapiga kambi Kariokor kwa majuma kadha, wakitaka kusikilizwa na Gavana. Kiongozi wao, Muindi Mbingu, alihamishiwa Lamu kama mfungwa, lakini kabla ya mwaka kwisha amri ya kupunguza mifugo kwa nguvu iliondolewa.

Laiti habari ingeishia hapo, tungekuwa na kisa cha dhuluma na ushujaa, basi. Lakini mnamo 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walitoa kitabu cha utafiti uliofuatia wilaya ile tangu miaka ya 1930, wakikusanya sensa, takwimu za mazao na picha za angani, na kupiga picha upya mahali palipopigwa mwaka 1937. Watu, waliokuwa kama 240,000 mwaka 1932, walikuwa wamefika takriban 1,400,000 mwaka 1989. Na badala ya ardhi kuangamia kama ilivyotabiriwa, miteremko ilikuwa imejaa matuta, na thamani ya mazao kwa kila mtu ilikuwa imezidi kama mara tatu.

Ni nani basi astahiliye sifa? Hapa ndipo penye ugumu wa kazi yote ya kuipima siasa ya serikali kwa tarakimu. Matuta yalilazimishwa na wakoloni, lakini yalienea kwa hiari baada ya uhuru, kwa mikono ya vikundi vya kazi ya pamoja viitwavyo mwethya, ambamo wanawake walishika jembe na hazina pamoja, wakipendelea tuta la fanya juu, ambalo udongo wa mtaro wake hutupwa upande wa juu wa mteremko. Kahawa iliwafikia wakulima katika miaka ya 1950. Nairobi ilikuwa karibu, yenye soko na mishahara. Na tangu 1978 fedha za Ulaya ziliingia katika mpango wa maendeleo ya wilaya. Machakos ya pili, isiyopata hata kimoja cha hayo, haipo tukailinganishe. Tena wastani wa wilaya nzima uliwajumuisha watu wa milima yenye kahawa na wale wa nyika kavu za Makueni, ambao mara nyingi hawakuwa na hali moja.

Enyi mlio katika ofisi za kaunti leo, hifadhini daftari za kila mradi tangu kabla haujaanza, mkiandika kata kwa kata, na muwaulize wenye mashamba yao sababu ya kila tarakimu mnayoiandika.