Kichocho na Chembe za Mwili

Tangu kale, wakazi wa Mkoani, kusini mwa kisiwa cha Pemba, wamekijua kichocho kwa mkojo wa damu. Theodor Bilharz aliigundua minyoo yake mjini Cairo mwaka 1851. Lakini madhara makubwa hutokana na mayai yanayonasa katika ukuta wa kibofu. Chembe za ulinzi huyazingira pande zote ili sumu yake isienee. Nazo chembe za utando wa kibofu, zikisumbuliwa daima, huacha umbo lake la asili, zikawa bapa na ngumu mithili ya ngozi. Mageuzi hayo ni ngao. Walakini ngao ikivaliwa miaka mingi humwelemea mwenyewe, na pengine saratani huota papo hapo. Kwa hiyo kampeni iliyoanza Pemba mwaka 1986, ya kuwapima wanafunzi na kuwapa dawa ya prazikwanteli, haikuishia katika kuua minyoo tu. Mtoto akitibiwa mapema, kibofu chake aghalabu hurejea hali yake; akiachwa hadi utu uzima, kovu hubaki. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.