Urasimu (nadharia ya Max Weber)

Urasimu ni mfumo wa kuendesha shughuli za umma kwa kanuni za maandishi, ngazi za madaraka na watumishi walioajiriwa kwa ujuzi wao. Nadharia yake mashuhuri ni ya mwanasosholojia Mjerumani Max Weber (1864–1920), iliyomo katika kitabu *Wirtschaft und Gesellschaft*, kilichochapishwa baada ya kifo chake.

Misingi

Weber alitaja aina tatu za mamlaka halali: ya jadi, inayosimama juu ya mila, ya karama, inayotegemea mvuto wa kiongozi, na ya kisheria, ambapo watu hutii kanuni, si mtu. Urasimu ndio chombo cha mamlaka ya kisheria. Kila ofisi ina mipaka ya kazi, wa chini husimamiwa na wa juu, maamuzi hutunzwa kwenye majalada, na mtumishi hulipwa mshahara. Zito kuliko yote, cheo si mali ya aliyekishika: hakiuzi, hakirithishi, wala hachanganyi fedha za ofisi na zake. Hapo ndipo raia asiye na ndugu serikalini anapopata kinga.

Ajira kwa sifa

Msingi wa kuajiri kwa sifa ulipiganiwa hata kabla ya Weber kuandika. Nchini Uingereza, ripoti ya Northcote na Trevelyan ya 1854 ilipendekeza mitihani ya ushindani. Nchini Marekani, vyeo viligawiwa wafuasi wa chama kilichoshinda, hadi Rais James Garfield alipopigwa risasi mwaka 1881 na mtu aliyenyimwa cheo. Sheria ya Pendleton, iliyotaka ajira kwa sifa, ilifuata mwaka 1883.

Ukosoaji na mageuzi

Mwaka 1940 mwanasosholojia Robert Merton alionyesha kwamba mtumishi anaweza kuishikilia kanuni hadi akasahau lengo lake. Mwananchi akabaki kuzungushwa. Kuanzia miaka ya 1980, wafuasi wa Usimamizi Mpya wa Umma walitaka serikali ipimwe kwa matokeo. Tanzania ilipitisha Sheria ya Wakala wa Serikali mwaka 1997 katika mkondo huo.

Ajira kwa sifa nayo imerekebishwa: Katiba ya Kenya ya 2010, Ibara ya 232, inataja ushindani wa haki na sifa kuwa msingi wa uteuzi, kisha inadai nafasi sawa kwa wanawake na wanaume, makabila yote na watu wenye ulemavu. Nyongeza hiyo ni ya lazima: mtihani mmoja kwa wote hautendi haki ikiwa wengine hawakufikiwa na shule.