Wanga katika chakula cha ng'ombe wa maziwa

Kisorya, wilayani Bunda, muhogo ni zao la kila kaya. Mabaki yake, pamoja na pumba za mahindi, huishia kwenye hori la ng'ombe. Vyakula hivi vina wanga mwingi. Wanga huongeza maziwa, lakini ng'ombe akila mwingi kwa ghafla anaweza kufa. Tunaeleza sababu.

Unavyogeuka maziwa

Wanga mwingi huchachushwa na vijidudu katika tumbo kubwa la ng'ombe na kuwa asidi. Mojawapo, propioniki, huingia kwenye damu hadi kwenye ini, nalo huigeuza kuwa glukosi. Kiwele hutumia glukosi hiyo kutengeneza sukari ya maziwa, ambayo huamua wingi wake. Ng'ombe aliyezaa karibuni asipopata nguvu ya kutosha huyeyusha mafuta ya mwili wake na kukonda.

Majani nayo hutoa zaidi asidi ya asetiki, inayotengeneza mafuta ya maziwa. Ndiyo maana pumba nyingi na majani machache huleta maziwa mepesi.

Unapozidi

Wanga wa muhogo huchachuka haraka kuliko wa mahindi. Asidi ikizidi, pH ya tumbo kubwa, ambayo kwa kawaida ni kati ya 6 na 7, hushuka. Ikikaa chini ya 5.5, vijidudu vinavyomeng'enya majani hudhoofika.

Kinga ya ng'ombe ni mate, zaidi ya lita 100 kwa siku, yanayopunguza makali ya asidi. Mate hutoka kwa wingi anapocheua, na kinachomfanya acheue ni majani marefu, si unga.

Dalili za hatari ni kuacha kula na kucheua, kuharisha kinyesi chenye harufu kali, kuchechemea na kulegea.

La kufanya

Mpe majani kwanza, kisha pumba au muhogo. Majani yawe angalau nusu ya chakula chote kikiwa kikavu. Chakula kipya kiongezwe kidogo kidogo kwa wiki mbili hadi tatu, na cha siku kigawanywe mara mbili au zaidi. Muhogo mchungu ukatwe na kukaushwa vizuri juani, kwa kuwa mbichi una sumu. Wanga hauna protini ya kutosha, hivyo ongeza mashudu ya pamba au majani ya lukina.

Ng'ombe akivamia ghala la nafaka, mwondoe, mpe nyasi kavu na umwite ofisa mifugo mara moja. Usisubiri dalili.