Maelewano ya China: Falsafa Kongwe, Sera Changa

Septemba 2005, Umoja wa Mataifa ulipoadhimisha miaka 60, Rais Hu Jintao wa China alisimama jijini New York akaitangaza azma ya nchi yake ya kujenga dunia yenye maelewano. Miezi mitano kabla, mjini Jakarta, alikuwa amelitaja wazo hilohilo mbele ya viongozi wa Asia na Afrika. Tangu hapo sera hiyo imekuwa ikielezwa kuwa ni tunda la hekima ya Confucius, mwanafalsafa aliyezaliwa karne ya sita kabla ya Kristo. Hata hivyo, historia inaonyesha kwamba kilicho kikongwe ni falsafa. Sera yenyewe ni changa na imezaliwa na mahitaji ya wakati wetu. Kwa hiyo haifai kupimwa kwa nasaba yake. Ipimwe kwa matendo.

Chama cha Kikomunisti hakikumwenzi Confucius tangu mwanzo. Mwaka 1966, wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni, Walinzi Wekundu, vijana wafuasi wa Mao Zedong, walivamia hekalu na makaburi ya ukoo wake huko Qufu na kufanya uharibifu mkubwa. Miaka michache baadaye ikaendeshwa kampeni ya taifa zima ya kumlaani kama mtetezi wa mabwana wa kale. Nje ya nchi, lugha ya Beijing ilikuwa ya mapinduzi na ya kupinga ubeberu, ikiandamana na Kanuni Tano za Kuishi kwa Amani ambazo China ilikubaliana na India mwaka 1954. Kanuni hizo zilihimiza kuheshimiana na kutoingiliana mambo ya ndani, lakini mwaka 1962 majirani hao wawili walipigana vita vya mpakani.

Ajabu ni kwamba katika miaka hiyohiyo, kabla maelewano hayajawa sera, ndipo China ilipovuna mapenzi makubwa barani Afrika. Matangazo ya Kiswahili kutoka Beijing yalianza mwaka 1961. Madaktari wake walifika Zanzibar mwaka 1964. Nchi za Magharibi zilipokataa kugharimia reli ya kuiunganisha Zambia na bandari ya Dar es Salaam, China, ikiwa bado maskini, ilikubali mwaka 1967 kuijenga kwa mkopo usio na riba. Reli hiyo, TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860, ilijengwa bega kwa bega na Watanzania na Wazambia, na Wachina waliofia kazini wamezikwa katika ardhi yetu. Oktoba 1971, kura za Afrika zilichangia sana kuirejesha Beijing katika kiti cha China kwenye Umoja wa Mataifa. Msomi Joseph Nye wa Marekani alikuja kuuita uwezo huu wa kuvuta mioyo bila kulazimisha nguvu laini mwaka 1990, lakini Beijing ilikuwa imekwisha kuutumia.

Basi kwa nini maelewano yakapewa jina mwaka 2005? Sababu ni hofu ya wengine. China ilijiunga na Shirika la Biashara Duniani mwaka 2001, uchumi wake ukapaa, na majirani wakaanza kuuliza nguvu hizo zitaelekezwa wapi. Mwaka 2003 msomi Zheng Bijian alileta wazo la kuinuka kwa amani, lakini viongozi waliliweka kando upesi kwa kuwa neno kuinuka lenyewe lilitisha. Wakachagua kusema maendeleo ya amani. Confucius, aliyelaaniwa zamani, naye akarejeshwa: Taasisi ya Confucius ya kwanza, ya kufundisha lugha na utamaduni wa China, ilifunguliwa Seoul mwaka 2004, na mwaka uliofuata Chuo Kikuu cha Nairobi kikapata yake. Mwaka 2007 Hu Jintao aliuambia mkutano mkuu wa chama kwamba utamaduni ni sehemu ya nguvu za taifa.

Wapo watakaopinga kwamba sera hii ni changa kwa kumtaja Zheng He, amiri wa merikebu za China, ambaye misafara yake ya kati ya 1405 na 1433 ilifika pwani yetu bila kuacha koloni. Hoja hiyo ina uzito, hasa tukikumbuka Wareno walivyoipora Kilwa na kuiteketeza Mombasa mwaka 1505. Lakini merikebu zake zilibeba maelfu ya askari, na huko Sri Lanka walimteka mtawala aliyewapinga wakampeleka China. Amani yake ilikuwa na ngazi, na mfalme wa China alikaa ngazi ya juu.

Wengine watasema maelewano ni propaganda tupu. Ushahidi wanao: Norway ilisusiwa na China kwa miaka sita baada ya kamati ya Norway kumpa Liu Xiaobo, mpinzani wa serikali ya China, Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2010, na mwaka 2016 Beijing ilikataa hukumu ya mahakama ya usuluhishi ya The Hague iliyoipa Ufilipino ushindi kuhusu Bahari ya Kusini ya China. Hata hivyo, ahadi iliyotolewa hadharani ni deni, na mnyonge anaweza kulidai. Maelewano ya kweli yanaruhusu kutofautiana. Yanayodai ukimya ni utii tu. Serikali zetu zinapokaa mezani na China kuzungumzia mikopo, reli na bandari, ziidai ahadi hiyo kwa maandishi: mikataba iwe wazi kwa wananchi, na neno la hapana lisiadhibiwe.