Kinanda cha Kanisa na Sauti Mbili za Kitufe Kimoja

Washarika waliokulia katika kwaya wanalijua jambo hili: wimbo umeimbwa vizuri bila ala, kisha kinanda kinaingia na sauti hazipatani tena. Kwa kawaida lawama huwaangukia soprano, kwamba mi yao imeshuka. Pengine wameonewa. Mgogoro huu ni wa zamani kuliko usharika wetu, na Walutheri wa Ujerumani waliuhangaikia sana.

Asili yake ni hesabu. Do na mi hupatana kikamilifu pale mi inapotetema mara tano kwa kila mara nne za do. Tuanze na A flati yenye mitetemo 256 kwa sekunde. Tukipanda hatua tatu za namna hiyo tunapata C ya 320, E ya 400, na G shapu ya 500. Lakini A flati ya juu, iliyo maradufu ya ile ya kwanza, ni 512. Kwenye vinanda vyetu noti hizo ni kitufe kimoja cheusi. Kwa sikio ni sauti mbili.

Vinanda vingi vya mabomba vya mwanzoni mwa karne ya 17 vililinganishwa ili do na mi zibaki safi. Fundi alipaswa kuchagua G shapu au A flati. Aliyepiga G shapu pamoja na E flati, kana kwamba ni A flati, alisikia mlio mkali ulioitwa mbwa-mwitu. Fundi Gottfried Fritzsche alikipasua kitufe cheusi vipande viwili, kila kipande na mabomba yake. Michael Praetorius, mtunzi wa muziki wa Kilutheri, aliandika juu ya vitufe hivyo mwaka 1619.

Mwaka 1691 mpiga kinanda Andreas Werckmeister alichapisha ulinganisho unaoisambaza kasoro, na mwaka 1722 J. S. Bach alikamilisha kitabu chenye vipande katika funguo zote 24. Baadaye kasoro ikagawanywa sawasawa kabisa. Tukapata uhuru wa kupiga ufunguo wowote, lakini mi ya kinanda ikapanda juu ya mi safi kwa karibu sehemu moja ya saba ya nusu-toni. Hiyo ndiyo kesi ya soprano wetu.

Vitufe vilivyopasuliwa havijatoweka. Kinanda kilichozinduliwa mwaka 2000 katika kanisa jipya la Örgryte, Göteborg, Uswidi, kinavyo.